Nilikula Cha Juu Kwenye Asali ya Mjomba

Leo sina stori ya msanii wala ya harusi ya mtu, nina ya kwangu mwenyewe. Majina sitaji, ila wahusika wakisoma watajijua. Najua kuna watakaonisema kwenye komenti, semeni tu, nimejiandaa.

Mjomba wangu ni mrina asali kule Sikonge. Kwa wasiojua, Sikonge ni kusini mwa Tabora mjini, na huko miombo ndiyo kila kitu. Ana mizinga ya magome aliyorithi ujuzi wake kwa babu, na mingine michache ya mbao ambayo yeye mwenyewe anaiita "ya kizungu". Miaka yote asali yake alikuwa anauza kwa ndoo. Walanguzi wanakuja na ndoo zao za lita 20, wanajaza, wanampa laki moja, wanaondoka. Msimu ukiwa mzuri na asali ipo nyingi, wanampa hata pungufu ya hapo.

Sasa hapa mjini kuna dada mmoja alirudi kutoka Dar akafungua bekari. Si bekari ya mikate ile ya kukata slesi na kufunga kwenye nailoni. Yeye hatumii hamira ya dukani kabisa, ana chachu yake kwenye chupa anailisha unga na maji kila siku kama mtoto. Mkate wake unalala usiku kucha ukiumuka ndipo unaingia kwenye oveni asubuhi. Mimi nilienda pale kumpiga picha za blogu, tukaongea, akaniambia anatafuta asali ya kweli ya Tabora, maana anayouziwa sokoni hana imani nayo. Nikamwambia dada, umefika.

Mwanzo haukuwa rahisi. Asali ya kwanza niliyompelekea ilinuka moshi, maana mjomba alikuwa bado anarina na mwenge wa majani kama zamani. Dada akaonja, akanirudishia kijiko. "Huu mkate wangu utakuwa kama nyama choma," akasema. Nikamwambia mjomba, akanuna wiki mbili. Mzee ameanza kurina kabla mimi sijazaliwa halafu anasahihishwa na mtoto wa mjini! Lakini akaazima bomba la moshi kwa jirani, akaanza pia kutenga masega yaliyozibwa vizuri na yale mabichi. Masega ambayo nyuki hawajayaziba asali yake ina maji mengi, ukiichanganya na nyingine inachacha. Hilo alikuwa analijua siku zote, ila mlanguzi hakuwahi kumlipa zaidi kwa kutenga, sasa atenge ili iweje?

Dada naye aliunguza mikate. Asali inawahi kubadilika rangi kwenye moto kuliko sukari, kwa hiyo mkate nje mweusi, ndani bado mbichi. Ikabidi apunguze moto wa oveni, apunguze na maji kwenye unga, maana asali yenyewe ina maji yake. Alipopatia, jamani, ule mkate! Ganda la kahawia, juu ufuta, na unakaa siku kadhaa bado laini kwa sababu asali inashika unyevu. Watu wakaanza kuagiza. Kuna mteja alirudisha chupa ya asali eti imeganda hivyo ni feki, dada akamkalisha chini akamweleza kwamba asali halisi inaganda tu, iweke kwenye maji ya vuguvugu itarudi. Yule mteja sasa hivi haikosi Jumamosi.

Basi twende kwenye yangu.

Makubaliano yalikuwa hivi: dada ananunua kwa kilo, shilingi 8,000. Mimi ananipa 10,000 kwa kila ndoo kama asante ya kuleta. Mjomba nilimwambia atalipwa 8,000 kwa kilo, na ndoo ni lita 20, kwa hiyo kilo 20, kwa hiyo 160,000. Alifurahi mpaka akanichinjia kuku. Na naapa, siku namwambia hivyo nilikuwa naamini. Mimi nimeishia form four, nilijua lita moja ni kilo moja, mchezo umeisha.

Siku ya kwanza dada anapima, mzani ukasoma 28 na kidogo, ndoo yenyewe tayari imeshatolewa. Nikadhani mzani mbovu. Dada akacheka: "Asali ni nzito kuliko maji, hukujua? Lita moja ina kama kilo moja na gramu mia nne." Akanitumia 224,000 kwenye simu, na elfu kumi yangu.

Nilitoka pale na ile hela nikakaa kwenye kijiwe cha bodaboda kama saa nzima. Ningempigia mjomba tu. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi: mjomba, tulikosea hesabu. Nikamtumia 160,000. Elfu 64 ikabaki kwangu.

Nilijiambia mengi. Kwamba alikuwa anapata laki, sasa anapata laki na sitini, bado ameshinda. Kwamba mteja nimemtafuta mimi. Kwamba nitamwambia mwezi ujao. Ndoo 11 zilipita hivyo. Simu ninayoandikia hii blogu ilitoka humo.

Mwaka huu msimu mpya ulipofika, mjomba hakunisubiri. Alishuka na basi la asubuhi, ndoo mbili, kanzu safi, anataka kumwona huyo binti anayepika mkate kwa asali yake. Mimi nilipofika bekari nikamkuta ameshakaa, ana kikombe cha chai na kipande cha mkate mkononi. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaitikia vizuri tu. Dada akaweka ndoo kwenye mzani, ya kwanza, ya pili, akasema kwa furaha, "Mjomba, kilo hamsini na sita!"

Mjomba akauliza, "Hizi mbili?"

"Hizi mbili. Si ndivyo huwa zinakuja?"

Akaniangalia. Hakusema kitu. Akamalizia mkate wake taratibu, akausifia, akapewa mwingine ampelekee mke wake. Akalipwa 448,000 mkononi, akazihesabu mara mbili. Tulipotoka nje ndipo akaniuliza, "Ulianza lini?"

"Tangu mwanzo, mjomba."

Akasema mama yako asijue, atakufa kwa aibu. Basi. Akapanda bodaboda kwenda stendi.

Tangu siku hiyo wanauziana wao kwa wao. Mjomba amenunua mzani wake mwenyewe, na walanguzi wakienda siku hizi anawapimia kwa kilo, wengine wanakasirika wanaondoka. Dada aliwahi kuniuliza mbona sionekani, kumbe mjomba alishamwambia nimepata shughuli nyingine. Alinifichia. Dada, najua huwa unapita hapa kusoma. Nilipaswa kukuambia mwenyewe, uso kwa uso, nikaogopa.

Nilichukua 704,000. Nimekuwa nikimrudishia kidogo kidogo, wala hajawahi kunidai wala kujibu. Wiki iliyopita nikatuma 50,000, na kwa mara ya kwanza ikaja meseji:

"Imefika. Bado 244. Jumapili tunarina, njoo ubebe ndoo."