Chinguetti, Mji wa Vitabu Jangwani

Mauritania ni nchi iliyo kati ya bahari ya Atlantiki na jangwa la Sahara. Ilipata uhuru wake kutoka kwa Wafaransa tarehe 28 Novemba, 1960. Eneo lake lapita kilometa za mraba milioni moja, na sehemu iliyo kubwa ni mchanga na mawe. Kwa hiyo msafiri mwenye siku tano tu hana budi kuchagua. Akitaka kuona yote, ataishia kuona barabara.

Chaguo lililo bora ni mji wa Chinguetti, katika nyanda za juu za Adrar. Kutoka Nouakchott, mji mkuu, hadi Atar ni kilometa zipatazo 440, na kutoka hapo hadi Chinguetti ni kama 80 zaidi. Siku moja ya kwenda na moja ya kurudi humwachia mgeni siku tatu za kukaa na wenyeji.

Zamani Chinguetti ulikuwa kituo cha misafara ya ngamia, na mahujaji walikusanyika hapo kabla ya kushika njia ya Makka. Pamoja na chumvi na tende, vitabu navyo vilisafiri. Hata leo koo kadhaa zatunza maktaba zao majumbani: misahafu, vitabu vya sheria, elimu ya nyota, hesabu na mashairi, vyote vikiwa vimeandikwa kwa mkono. Mwaka 1996 UNESCO iliuingiza mji huo, pamoja na Ouadane, Tichitt na Oualata, katika orodha ya urithi wa dunia.

Hata hivyo, sifa hiyo haikuuzuia mchanga. Umefukia nyumba nyingi za mji wa kale, na ukame na mchwa huziharibu karatasi. Hata hivyo, wenye vitabu wengi hawakubali kuvitoa, kwani ni amana ya mababu zao.

Yafaa basi mgeni aende kwa adabu. Wakati mzuri ni Novemba hadi Februari. Mchana ni wa wastani, lakini usiku ni wa baridi, na sweta ni lazima. Mavazi yawe ya heshima. Kabla ya kuondoka kwao aulize ubalozi habari za viza na usalama wa njia. Akikaribishwa chai ya nanaa asikimbilie kuaga, maana desturi ni bilauri tatu. Asiguse ukurasa bila ruhusa wala asipige picha kabla ya kuomba. Na akiuziwa karatasi ya kale, akatae: kila ukurasa unaochukuliwa hauna mwingine wa kuuziba pengo lake.

Ada ya kuingia maktaba alipe kwa moyo mkunjufu, kwani humsaidia mtunzaji kuyahifadhi aliyoachiwa. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.