Mwezi unaoisha kila saa mbili usiku

Mdogo wangu ana miaka 24 na anaendesha bodaboda. Kijiwe chake kipo Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, na pikipiki si yake. Ni ya mkataba. Kila siku, ukiacha Jumapili, anampelekea tajiri shilingi 10,000, na baada ya miezi 14 pikipiki itakuwa mali yake. Akishindwa kupeleka siku tatu mfululizo inachukuliwa, na alichokwisha kulipa hakirudi.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na kazi hii hunipeleka kwenye wodi za mifupa mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kwa hiyo nimezisikia sababu zote ambazo watu hutoa kuhusu vijana hawa: hawana elimu, wanavuta bangi, hawaogopi kufa, damu inachemka. Kwenye vikao vya familia hiyo ya mwisho ndiyo hupendwa zaidi, maana haimlaumu mtu yeyote. Basi mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, havuti kitu, na mpaka leo akichomwa sindano hufumba macho. Lakini nimemwona kwa macho yangu akikatiza njia ya mwendokasi pale Fire wakati basi linakuja.

Nilimuuliza siku hiyo hiyo usiku, tukiwa tumekaa barazani nyumbani kwetu Ilala. Hakukasirika. Alimaliza kwanza kutafuna, kisha akaniambia: "Dada, wewe mwezi wako unaisha tarehe 30. Wangu unaisha kila siku saa mbili usiku."

Saa mbili usiku ndipo tajiri anapopiga simu.

Nimezunguka na jibu lile kwa miezi, kwa sababu linaeleza kitu ambacho mabango ya usalama barabarani hayakigusi. Bango humwambia kijana kwamba atakufa, na kijana anajua kwamba anaweza kufa. Kinachotofautiana kati yake na aliyeandika bango ni umbali ambao kila mmoja anatazama mbele. Mwenye mshahara anatazama mwisho wa mwezi, pengine mwisho wa mwaka, pengine hadi pensheni. Anayelipa hesabu ya siku anaona mpaka saa mbili usiku, na baada ya hapo ni giza.

Mwaka 1997 watafiti wawili wa Canada, Margo Wilson na Martin Daly, walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti kuhusu mitaa 77 ya jiji la Chicago, Marekani. Kulikuwa na mitaa ambayo mwanamume alitarajiwa kuishi miaka 54, na mingine ya jiji hilo hilo ambayo alitarajiwa kufika 77. Kule ambako maisha yalikuwa mafupi ndiko kulikokuwa na mauaji mengi, na ndiko wanawake walikozaa wakiwa na umri mdogo. Unaweza kusema ni mauaji yenyewe yaliyofupisha maisha, lakini watafiti hao walikuwa wameyatoa mauaji kwenye hesabu ya umri, na uhusiano ukabaki. Maelezo yao ni kwamba mtu anayeona wenzake wakiondoka mapema hapati sababu kubwa ya kujitunzia kesho iliyo mbali. Anaitumia leo, hata kwa hatari.

Chicago ni mbali, najua. Lakini kwenye nguzo ya kijiwe cha mdogo wangu pamebandikwa picha ya mwenzao aliyefariki mwaka jana, imeshaanza kupauka kwa jua. Nilidhani picha ile ingewapunguzia mwendo. Nilipomuuliza mmoja wao, aliitazama kidogo akasema, "Ndiyo maana natafuta leo. Kesho nani anaijua?" Halafu akawasha pikipiki, abiria alikuwa amefika.

Kuna na suala la umri, sikatai. Mwaka 2009 mwanasaikolojia wa Marekani, Laurence Steinberg, na wenzake walichapisha utafiti waliowafanyia watu 935 wa miaka 10 hadi 30. Moja ya maswali lilikuwa la pesa: uchukue kidogo leo, au usubiri upate dola 1,000 baadaye? Wadogo waliridhika na kidogo cha leo kuliko waliowazidi umri, na walikiri wenyewe kwamba hawafikirii sana mambo ya mbele. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 13 hahitaji utafiti kulijua hilo. Lakini mdogo wangu ana miaka 24, na kuna jambo nililoliona kwake ambalo umri peke yake haulielezi.

Jambo lenyewe ni hili. Ukimpanda saa nne asubuhi, akiwa na shilingi 3,000 mfukoni na mafuta yanakaribia kuisha, utamkuta anapenya katikati ya daladala na mkokoteni, taa nyekundu anaichukulia kama ushauri tu. Ukimpanda saa kumi na moja jioni, siku ambayo hesabu imeshakamilika, anasimama kwenye kivuko, anampisha bibi mwenye kapu, anakuuliza habari za kazini. Kijana ni yule yule, damu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba jioni ile anao muda, na asubuhi hakuwa nao. Tangu nilipoligundua hilo, mama yetu akiwa na safari ya hospitali namshauri apande jioni.

Haraka yenyewe inaleta nini? Chukua safari ya kilomita 6. Ukienda kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa utatumia dakika 9. Ukienda kwa 60, ambayo tayari imevuka kikomo cha 50 kwenye maeneo ya makazi, utatumia dakika 6. Umeokoa dakika 3. Ukipandisha hadi 80 utaokoa dakika moja na nusu nyingine, basi. Tena hiyo ni barabara tupu, na Kariakoo hakuna barabara tupu. Mataa ya kwanza yanazila hizo dakika zote. Wakati huohuo, kutoka 40 hadi 60 nguvu ya kugonga inaongezeka zaidi ya mara mbili.

Mwanasaikolojia wa Sweden, Ola Svenson, amelichunguza suala hili kwa miaka mingi: tukiwa tayari tunakimbia, tunadhani kuongeza mwendo kutatuokolea muda mwingi kuliko ule unaookolewa kweli. Kosa hilo tunalo sote, dereva na abiria. Nilimwonyesha mdogo wangu hesabu hii kwenye karatasi. Aliisoma mara mbili, akaikubali, kisha akanieleza kwamba dakika tatu si za safari moja. "Ukipata dakika tatu mara ishirini, dada, umepata saa nzima. Saa nzima ni abiria watatu." Kwenye karatasi hawa abiria watatu wapo. Barabarani wanaliwa na foleni, ila sikuweza kumshawishi, na nadhani ningekuwa mimi ndiye ninayesubiri simu ya saa mbili nisingeshawishika pia.

Sasa tuje kwetu sisi tunaopanda.

Asubuhi moja nilikaa na vijana hao kijiweni kuanzia saa 12:30. Karibu kila abiria aliyefika, baada ya kutaja anakokwenda, neno lililofuata lilikuwa "niwahishe". Mwanamke mmoja alikuja na watoto wawili waliovaa sare. Mdogo, wa chekechea, aliwekwa mbele kwenye tangi, yule mkubwa katikati, mama nyuma na mkoba. Mishikaki ya familia. Polisi wamekumbusha mara nyingi kwamba mtoto wa chini ya miaka tisa hapaswi kupandishwa bodaboda, na wote pale walijua. Dereva alisitasita. Mama akasema geti la shule linafungwa saa moja na nusu, "nakuongezea mia tano." Wakaondoka.

Simsemi mama yule kwa ubaya. Geti linafungwa kweli, na mtoto anayechelewa anaweza kurudishwa nyumbani, na mama akirudi naye amepoteza siku ya biashara. Naye ana saa mbili yake, imewekwa asubuhi badala ya usiku. Lakini ile mia tano ina maana yake. Kijana ambaye hesabu yake haijatimia amelipwa waziwazi akimbie, akiwa amebeba watoto wasio na kofia, na aliyemlipa ndiye anayewapenda watoto hao kuliko mtu mwingine yeyote duniani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hizo. Kuhusu kofia ngumu, uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba mwenye pikipiki aliyeivaa hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kuivaa na kuifunga mkanda hakuchukui hata nusu dakika. Abiria wengi niliowaona walikataa helmeti kwa sababu ya nywele au harufu, ambayo kusema kweli ipo.

Nyumbani kwetu aliyepata dawa hakuwa mimi mwenye digrii na tafiti. Ni mama, ambaye anauza vitumbua na yumo kwenye kikoba cha akina mama wenzake. Alisikiliza ile habari ya mwezi unaoisha saa mbili usiku, akauliza swali moja: "Kwani huyo tajiri anaila hiyo elfu kumi usiku huo huo?"

Hakuna aliyejua. Wiki iliyofuata alikopa shilingi 60,000 kikobani, ambayo ni hesabu ya siku sita, akajifunga khanga yake akaenda kwa tajiri mwenyewe. Nilimsindikiza. Aliiweka ile pesa mezani kabla hajakaa vizuri.

"Kaka yangu, hii ni ya wiki nzima, nimekuletea mapema. Naomba kuanzia wiki ijayo uwe unapokea Jumamosi. Jumamosi ikipita haijakufikia, njoo Ilala unidai mimi."

Tajiri alicheka, akasema hajawahi kudaiwa kwa kulipwa. Si mtu mbaya. Ana pikipiki tano, na ameshaibiwa mbili na vijana waliotoweka nazo, ndiyo maana hupiga simu kila usiku. Ile simu ni ya kuulizia pikipiki kuliko pesa. Walikubaliana: malipo kwa wiki, na siku itakapokosekana Jumamosi moja tu, mambo yanarudi kama zamani. Simu ya saa mbili ikabaki kuwa ya salamu.

Hiyo ni miezi minne iliyopita. Jumatatu ikiwa mbaya, mdogo wangu sasa anasema "nitaifidia Alhamisi", maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kinywani mwake. Mvua ikinyesha na Jangwani kukaanza kujaa maji, anaegesha na kusubiri. Mwenzake mmoja kijiweni ameenda kumwomba tajiri wake mpango kama huo akakataliwa, maana hakuwa na mtu wa kuweka wiki ya kwanza mezani. Mtu anayeishi kwa siku hana pesa ya kununulia wiki, na hapo ndipo mzazi, mjomba au kikoba kinapoweza kuingia kabla ya mchango wa hospitali.

Msije mkadhani ameokoka. Mwendo haukuisha, umehamia Ijumaa. Wiki ikienda vibaya, Ijumaa mchana anakuwa yule yule wa saa nne asubuhi, na Jumamosi ndiyo zaidi. Mama ameshaijua ratiba hiyo. Siku hizo mbili hampigii simu kabisa hadi magharibi, asije akaipokea akiwa barabarani. Mimi nimemwambia shangazi yangu, ambaye wanawe huchukuliwa naye kwenda masomo ya ziada, kwamba Ijumaa wapande daladala.

Wiki iliyopita aliniuliza bei ya helmeti nzuri. Anayo ya kwake, nikamkumbusha. Akasema anataka ya pili, ya abiria, yenye kitambaa cha ndani kinachotoka kikafuliwa, wasipate kisingizio cha harufu. Mkataba wake umebakiza miezi mitano na tayari anazungumzia pikipiki itakapokuwa yake, atakavyoipaka rangi, atakavyochagua abiria. Helmeti anasema ataichukua wiki ambayo Ijumaa yake haitakuwa mbaya.