Jibu Lisilo na Swali

Shairi la kujibizana halizaliwi peke yake. Huchokozwa na tukio au na shairi jingine, nalo likachokoza la tatu. Ukiling'oa katika ukoo huo ukalichapisha peke yake, vina vitabaki na mizani itatimia, lakini sehemu kubwa ya maana itakuwa imekwisha kupotea.

Niliyaona haya darasani kwa miaka mingi nilipofundisha tungo za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa zama za Mazrui. Wanafunzi waliposoma beti zake za kisiasa bila maelezo, walitaja mafunzo yale yale: subira, majivuno, umoja. Hawakukosea, ila mafunzo hayo yangaliweza kutolewa kwa shairi lolote. Nilipoanza kipindi kwa Vita vya Shela vya mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate dhidi ya Lamu, kisha nikaweka tungo za Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu kando ya za Muyaka, darasa lilichangamka. Walisikia mji ukiutambia mji. Walielewa pia kwa nini Lamu, ingawa ilishinda, ilitafuta himaya ya Sayyid Said wa Oman.

Bahati hiyo tuliipata kwa jitihada za watu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa alimsaidia William Taylor kuzikusanya na kuzieleza tungo za Muyaka. William Hichens akachapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akazirejesha beti hizo katika historia iliyozizaa.

Sisi je? Tunatangaza tamasha la ushairi kwa mahali, saa na mgeni rasmi. Likiisha, tangazo hubaki upande huu na mashairi upande ule. Mwaka jana binti wa marehemu rafiki yangu aliniletea daftari la baba yake. Baada ya kuniamkia, aliniuliza: "Mwalimu, baba alikuwa akijibizana na nani?" Karibu nusu ya tungo zilikuwa majibu. Matatu niliyakumbuka kwa kuwa nilikuwapo. Nikaandika pambizoni tukio, mwaka na jina la mshindani wake. Mengine yamekaa kimya, na wengi walioweza kuyasemea tumekwisha wazika.

Kwa hiyo naona kila kumbukumbu ya tukio iambatanishwe na mashairi yaliyozaliwa hapo, kwa mfuatano wa wakati: lililochokoza, lililojibu, lililosuluhisha. Kila shairi nalo lielekeze kwenye tukio lake, kwani msomaji huweza kuingia kwa mlango wowote. Tusiunganishe kwa kufanana mada tu. Mashairi mawili ya mapenzi si lazima yawe ndugu. La mapenzi na la kejeli yaliyoghaniwa usiku mmoja huenda yakawa pacha. Na yawe machache, kwa maana anayeonyeshwa njia ishirini ni kama hakuonyeshwa hata moja.

Malenga wenzangu, mtakapokutana tena, mmoja wenu aandike kabla hamjatawanyika: nani alianza, nani alimjibu, na kwa jambo gani. Mistari mitatu yatosha.