Mgonjwa Haulizwi Uji

Wahenga walisema kwamba mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni kuwa mtu aliyelala kitandani hangojwi mpaka aombe. Yafaa apikiwe, apewe na abembelezwe anywe. Methali hii ni njema kwa jambo la uji. Lakini uuguzi una mambo makubwa kuliko uji, na katika mambo hayo mgonjwa asipoulizwa hudhulumiwa. Kubwa kupita yote ni hili: je, mtu ambaye maradhi yake hayana dawa, na kifo chake kimekaribia, ana haki ya kumwomba daktari amsaidie kufa kabla ya saa yake? Swali hili limefika katika mabunge na mahakama za nchi nyingi. Ninyi wanafunzi kesho mtakuwa waganga, wauguzi, mawakili na wabunge. Na kila mmoja wenu ni mtoto wa mtu ambaye siku moja ataugua. Ni heri kulipima swali hili mapema, wakati moyo umetulia, kuliko kulipima kando ya kitanda.

Kwanza hatuna budi kutenga mambo matatu ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni mgonjwa kukataa matibabu, kama vile kupasuliwa tena au kuwekwa katika mashine. La pili ni mgonjwa kupewa dawa ya kutuliza maumivu, hata kama dawa hiyo haiponyi maradhi. La tatu ni mgonjwa kupewa na daktari dawa ambayo kusudi lake hasa ni kukatisha uhai. Katika mambo mawili ya kwanza maradhi ndiyo yauayo. Katika la tatu huua mkono wa mtu, ingawa ni mkono wa huruma. Ubishi mkubwa wa dunia ni juu ya hilo la tatu.

Mataifa hayakulijibu kwa sauti moja. Nchini Uswisi, sheria ya jinai iliyoanza kutumika mwaka 1942 humwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa ajili ya manufaa yake mwenyewe. Asiyekuwa na tamaa hiyo haadhibiwi. Katika jimbo la Oregon, Marekani, wananchi waliikubali sheria ya namna hii kwa kura mwaka 1994, nayo ikaanza kutumika mwaka 1997. Yataka mgonjwa awe mtu mzima mwenye akili timamu, na madaktari wawili wathibitishe kwamba hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu jambo hili mwaka 2002, na Kanada mwaka 2016. Kwetu Kenya mlango umefungwa. Kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kila mtu ana haki ya uhai, na kifungu cha 225 cha Kanuni ya Adhabu chasema kwamba anayemsaidia mwingine kujiua aweza kufungwa maisha.

Wanaotaka mlango ufunguliwe si watu wabaya, wala hoja zao si za kuchezewa. Mkumbukeni Diane Pretty, mama mmoja wa Uingereza. Alipatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu yaliyomnyang'anya nguvu za mwili tangu shingoni kwenda chini, lakini yakamwachia akili yake nzima. Alijua atakavyokufa, naye aliogopa kufa hivyo. Sheria ya kwao ya mwaka 1961 ilikuwa imefuta kosa la mtu kujaribu kujiua, lakini iliacha adhabu ya kifungo cha hadi miaka 14 kwa anayemsaidia. Kwa kuwa hakuweza kutenda lolote kwa mkono wake, aliomba mumewe ahakikishiwe kuwa hatashtakiwa akimsaidia. Majaji wa kwao walimkatalia mwaka 2001. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimkatalia mwezi Aprili mwaka 2002, ikisema kwamba haki ya kuishi haizai haki ya kufa. Mwezi uliofuata alifariki, umri wake miaka 43. Aliyekaa nje ya mwili ule atasema nini? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hoja ya watu hawa imesimama juu ya hiari. Wao husema: mtu mzima huchagua kazi yake, mwenzi wake, imani yake na mahali pa kukaa. Huaminiwa kuchagua mambo hayo yote. Kwa nini afikapo mlango wa mwisho aambiwe kwamba yeye ni mtoto? Tena taarifa zinazotolewa Oregon kila mwaka zatufunza jambo la kutafakari. Sababu ambazo wagonjwa huzitaja zaidi si maumivu. Wengi hutaja kupotewa na mamlaka juu ya maisha yao, kushindwa kuyafanya yaliyowapa furaha, na kupungukiwa na heshima. Basi anayedhani kwamba swali hili huisha kwa kidonge cha maumivu, huyo hajawasikiliza.

Kwa upande wa pili zimo sauti kongwe. Kiapo cha waganga kiitwacho kwa jina la Hippocrates wa Uyunani humkataza mganga kumpa mtu dawa ya kuua hata akiombwa. Waislamu na Wakristo wengi hufundishwa kwamba uhai ni amana, na amana hairudishwi kabla ya mwenyewe kuidai. Mimi naiheshimu imani hiyo. Lakini sheria ya nchi huwafunga wote, wenye dini hii na ile na wasio nayo. Kwa hiyo yatupasa kutafuta pia hoja ambayo kila mtu aweza kuipima. Nami naiona katika hiari yenyewe. Hiari ni njema, lakini ina sharti: yataka njia zaidi ya moja. Mtu aliyefungiwa milango yote ila mmoja, akatokea katika mlango huo, hatusemi kwamba aliuchagua.

Jambo hili nililiona kwa mjomba wangu, ndugu wa mama yangu, katika vilima vya Taita. Alikuwa fundi wa kuchonga mawe, mtu wa maneno machache. Saratani ya umio ilimshika mpaka akawa hawezi kumeza ila kitu cha majimaji. Matibabu yalikuwa yamekwisha kula mbuzi wake wote na ng'ombe wawili katika watatu. Jioni moja aliniita peke yangu akasema, "Mpwa wangu, wewe ni mtu wa vitabu. Haiko sindano ya kulimaliza jambo hili?" Sikumkemea, wala sikumwambia apige moyo konde. Nilimwuliza ni kitu gani kinachomtesa zaidi. Alinyamaza kitambo, kisha akajibu, "Usiku, na ng'ombe."

Nilimwelewa. Usiku maumivu yalimzidi, wala hapakuwa na dawa nyumbani ila vidonge vya kawaida vya dukani. Na ng'ombe aliyebaki ndiye aliyekuwa karo ya mjukuu wake wa kike aliyekuwa katika shule ya sekondari. Mzee alikuwa amefanya hesabu kimya kimya: kila wiki aliyoendelea kuishi aliiona kama muhula mmoja wa shule uliopotea. Ombi lake la kufa lilikuwa na sehemu ya maradhi, sehemu ya ukosefu wa dawa, na sehemu ya upendo uliochanganyika na umaskini. Kama sheria ingalikuwa na kitabu cha kutia sahihi, angaliitia sahihi usiku ule. Na wakubwa wangaliandika kwamba mtu mwenye akili timamu amechagua kwa hiari yake.

Mambo mawili yalibadili hali hiyo. La kwanza, muuguzi wa tiba ya shufaa, yaani tiba ya kumpa nafuu mgonjwa asiyeponyeka, alifika nyumbani akiwa na mofini ya maji. Alitufundisha kuipima na kuitoa kwa saa zake. Usiku wa kwanza mjomba alilala mpaka jogoo wakawika. La pili, mjomba aliulizwa. Ukoo ulikuwa umekusudia kumpeleka Nairobi akapasuliwe tena, ingawa daktari alisema wazi kwamba upasuaji huo hautamponya. Wazee walikwisha hesabu nauli. Mjomba alikataa. Baadhi yao walikasirika, wakasema kuwa mgonjwa hajui lililo jema kwake. Lakini yeye alisema, "Mwili ni wangu, na ng'ombe ni wa mtoto." Safari ikavunjwa, ng'ombe akabaki.

Baada ya wiki chache nilimwuliza kama bado aitaka ile sindano. Akanijibu, "Siku nyingine naitaka. Leo nataka kuona mpaka wa shamba umewekwa sawa." Akabebwa kwenye kiti mpaka shambani, akaonyesha kwa fimbo mahali pa kila jiwe, na jirani yake akishuhudia. Alifariki katika wiki ya 9 tangu siku ya mofini. Siyasemi haya ili kudai kwamba dawa ilimwondolea kila uchungu. Neno lake la "siku nyingine naitaka" nalo ni ushahidi, wala sina ruhusa ya kulificha. Nasema tu kwamba ombi la kufa lilipofunguliwa, ndani yake mlikuwa na maombi mengine, na mengi kati ya hayo yaliweza kujibiwa.

Daktari Cicely Saunders wa Uingereza, aliyefungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake. Yamo ya moyo, yamo ya roho, na yamo ya jamaa na fedha. Mafundisho hayo yalifika kwetu. Nairobi Hospice ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akaeneza matumizi ya mofini ya maji, dawa rahisi itengenezwayo kwa unga na maji. Mwaka 2004 Uganda iliwapa wauguzi waliofundishwa kazi hiyo idhini ya kuwaandikia wagonjwa mofini, kwa sababu madaktari walikuwa wachache na vijiji ni vingi. Hata hivyo kazi iliyobaki ni kubwa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba, duniani kote, katika kila watu 100 wanaohitaji tiba ya shufaa ni 14 tu waipatao, na wengi wa wanaoikosa wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Kwa hiyo neno langu ni hili. Nchi ambayo haijampa mgonjwa wake dawa ya kulala usiku haina haki ya kumpa dawa ya kufa. Ikifanya hivyo itakuwa imefungua mlango ulio rahisi kwake na kuuita uhuru wa mgonjwa. Maskini atausukuma kwa sababu ya karo. Mkongwe atausukuma kwa sababu ya macho ya wakwe zake. Na hakuna hakimu atakayeweza kuona ni mkono wa nani uliosukuma. Sheria iliyotungwa kwa ajili ya mwenye moyo thabiti husomwa pia na maelfu ya wanyonge.

Najua kwamba hoja hii haimjibu Diane Pretty. Yeye hakukosa dawa, wala mume, wala akili. Kwa mtu kama yeye sheria inayokataza ni mzigo mzito kweli, nasi tunaosema mlango usifunguliwe tunamtwisha mzigo huo kwa faida ya wengine. Yatupasa tulikiri hilo, tusilifunike kwa maneno matamu. Na anayemtwisha mwenziwe mzigo ana deni kwake. Deni letu ni mofini katika kila zahanati, muuguzi katika kila kata, na sheria isiyomfilisi mtu kwa kuwa ameugua. Anayekataza kifo cha kusaidiwa, kisha asitoe msaada wa kuishi, hakutetea uhai. Ametetea utulivu wa moyo wake tu.

Kabla sijamaliza, nina neno kwa kijana ambaye amewahi kuelemewa hata akatamani asiwepo. Mjadala huu si wa huzuni yako. Wanaozungumzwa humu ni watu ambao mauti yamekwisha bisha hodi. Huzuni ya ujana, hata iwe nzito namna gani, ina matibabu na ina mwisho. Tarehe 9 Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba; maana mtu wa namna hiyo ahitaji mganga, si askari. Basi usinyamaze. Mwambie mzazi, mwalimu au rafiki, na asiposikia mmoja mwambie wa pili.

Na kwa wote nasema: mpikieni mgonjwa uji bila kumwuliza, kama walivyosema wahenga. Lakini juu ya kupasuliwa, juu ya kulala hospitalini au nyumbani, juu ya mali yake na saa zake zilizobaki, mwulizeni. Mwulizeni akiwa peke yake, mbali na wenye kuhesabu gharama. Na akisema ataka kufa, msimfunge kinywa kwa hofu, wala msikimbilie kumkubalia. Mwulizeni mara ya pili kitu gani kinamtesa, kisha mkae msikilize mpaka amalize.