Kabla Hujatoa Pesa, Ingia Ngamani

Tezo nimeiweka chini. Nguvu za mikono zimekwisha, na pwani yetu ya Matondoni, ambako zamani hukukosa chombo kikiundwa chini ya makuti, leo vijana wanaulizia boti za faiba. Na waziulizie. Kinachonikera ni mtu kununua mashua kuukuu kwa kutazama rangi.

Nilizaliwa hapahapa kisiwani Lamu, nikasoma chuo cha Kurani, kisha mama akanikabidhi kwa kaka yake aliyekuwa fundi wa vyombo. Kwa muda mrefu kazi yangu ilikuwa kusokota pamba ya kukalafati, yaani ya kuziba mianya ya mbao, na kuipaka mafuta. Keekee nilishikishwa baadaye, tezo baadaye zaidi. Lakini kilichompa Mjomba jina ni kukagua. Aliyetaka mashua ya kuvulia, awe wa Kizingitini au Kipini, alimfuata yeye kwanza.

Sharti lake lilikuwa moja: chombo kilale majini usiku kucha, naye afike alfajiri kabla maji hayajafuliwa. Wenye vyombo walilichukia. Mjomba aliwaambia, "Bwana, ukikataa kunilazia chombo majini, umeshanijibu."

Aliingia ngamani, chini kabisa tumboni mwa chombo, akachota maji kwa kiganja, akayaonja. Ya chumvi yamepita kwenye mbao. Yakiwa matamu, ni ya mvua, na hayo ndiyo yaozeshayo mti, chumvi huuhifadhi. Kwa hiyo hakuanzia mkukuni wanakokimbilia wote. Alianzia juu: vichwa vya mataruma (mbavu za chombo), shina la mlingoti, pembe za sitaha ya omo, kila mahali mvua inapotuama. Kisu chake chembamba alikisukuma kwa kidole gumba. Mti mzima hukikataa. Uliooza hukimeza, hata ukipakwa rangi mara tatu. Kisha misumari: weusi ukizunguka vichwa vyake, kutu inakula chuma na ubao pamoja. Mwisho, chombo kikipwelewa, alikwangua deheni iliyopakwa nje kutafuta vitundu vya mdudu wa baharini, maana nje hutoboa kidogo, ndani hutafuna pakubwa.

Yuko fundi mmoja, jina nalihifadhi, aliyeshikilia kwamba chombo kinachovuja dawa yake ni kukalafatiwa upya. Tulibishana naye barazani miaka na miaka, na wanafunzi wake nabishana nao hadi leo. Pamba ikishindiliwa kwenye mbao ambazo misumari yake imekufa, huzisukuma zikaachana na mataruma. Mjane wa hapa kijijini alinunua mashua kwa kauli ya fundi huyo, ikiwa imetoka tu kukalafatiwa. Kusi ilipoanza, ubao wa ubavuni ukafunguka. Wavuvi waliokolewa, alhamdulillahi. Pesa ya mirathi ya watoto haikurudi.

Sasa hatari imezidi. Ukataji wa miti ulipopigwa marufuku mwaka 2018, mikoko yetu nayo ikiwemo, miti ya kuundia ikawa taabu, na muuzaji akaona kopo la rangi ni rahisi kuliko taruma jipya. Wahenga walishasema, uendapo tezi na omo, marejeo ni ngamani. Vijana, anzeni huko. Muuzaji akikwambia ana haraka, mwache aende na haraka yake. Na ukiitwa wewe kukagua, sema kweli hata kama anayeuza ni jamaa yako, kwa sababu watakaopanda chombo hicho ni watoto wa watu.