Springi za Mzee

Mama hakulalamika. Kila tukifika kwenye tuta alishika kile kishikio cha juu ya mlango, akafumba macho, na tukishavuka akaendelea na hadithi pale alipoachia. Kutoka Njoro hadi Nakuru mjini kuna matuta ya kutosha kukatiza hadithi yoyote. Kliniki ya mgongo iliyofuata, akaniambia, "Wewe baba, lala tu. Leo nitapanda matatu."

Huniita baba kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Gari lenyewe, Toyota 110, lilikuwa la mzee wangu. Alipofariki niliachiwa funguo, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kulishusha. Nilitaka ile nafasi kati ya tairi na bodi ipotee kabisa. Fundi alitoa springi, akawasha grainda, akakata mzunguko mmoja na nusu kwa kila moja. Nikaongeza rimu za inchi 16 na tairi nyembamba. Mtaani watu walilipiga picha. Nilijiona.

Mama alipopanda matatu, nilipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee wa jua kali huko Shabaab. Aliliinua kwa jeki, springi ikalegea na kugonga ndani. Akacheka.

"Kijana, nani alikatia hii gari miguu?"

Akanieleza polepole. Springi ikiwa na mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja na nusu ugumu wake unapanda kwa thuluthi. Shoki iliyotengenezewa springi laini haiwezi kuituliza. Tena gari likishuka, shoki inabaki na nafasi kidogo ya kucheza, kwa hivyo kila shimo inagonga raba ya mwisho. Tairi nyembamba nazo hazina ubavu wa kumeza chochote.

Nilikumbuka Naivasha. Tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, maboyz wa Nakuru hatukosi. Tunashangilia magari yanayoruka na kutua kama paka, na yametengenezwa hivyo: yameinuliwa, na shoki zake ni ndefu. Halafu tunarudi nyumbani kukata springi.

Sikutaka kulirudisha juu kabisa, nakiri. Mzee wa Shabaab alinitafutia springi fupi za kiwandani, zinazoshusha sentimita tatu tu, na shoki fupi zinazoendana nazo. Zile rimu niliziuza, nikarudi kwa inchi 14 na tairi zenye ubavu wa 65. Mwisho akanituma kupima alaimenti, kwa sababu gari likishuka magurudumu hulala upande na kula tairi kwa ndani. Makala za miezi minne ziliishia hapo.

Zile springi zilizokatwa hakuna duka lingezinunua. Ziko chini ya kitanda changu. Zilibeba familia yetu miaka kumi na moja, na mimi nilizimaliza asubuhi moja.

Jumanne iliyopita nilimpeleka mama kliniki. Kwenye tuta la kwanza mkono wake ulienda juu, ukasimama njiani, ukarudi mapajani. Hakusema kitu. Hadithi ya shamba la Molo iliendelea bila kukatizwa hadi mjini.

Tulipofika akajaribu kushuka, akashindwa.

"Bado iko chini," akasema. "Njoo unishike mkono, baba."

Nikazunguka, nikamshika.