Tanuri Lisiloacha Gofu

Kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani ni safari fupi ya mashua. Wageni wengi huelekea moja kwa moja kwenye Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11, na ambao baadaye ulipanuliwa kwa matao na kuba. Ibn Battuta aliufikia mji huu mwaka 1331. Nami nilianzia hapo. Ila mimi ni katibu wa kamati ya msikiti, na jicho la katibu hutazama ukuta kabla ya kuba.

Kwetu tuliwahi kuziba nyufa za ukuta wa kale kwa saruji. Haukupita muda, chumvi ikachomoza, plasta ikabanduka, na jiwe la ndani likaanza kumomonyoka. Saruji huufungia unyevu ndani. Chokaa huuachia njia ya kutoka. Hayo tuliyajua baada ya michango ya waumini kwisha.

Kuta za Kilwa zimeshikwa na chokaa. Mafundi hupanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaweka juu yake mawe ya matumbawe, kisha wakawasha. Moto hulitoa jiwe hewa yake ya ukaa. Linalobaki humwagiwa maji, au huachwa linywe mvua na umande hata liwe unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huivuta tena hewa ile kidogo kidogo, ukarudi kuwa jiwe.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Yakawekwa katika orodha ya hatari mwaka 2004, yakatolewa mwaka 2014. Lakini tanuri lenyewe nani atalilinda? Huko Beadnell, Uingereza, matanuri ya chokaa ya karne ya 18 yalijengwa kwa mawe, nayo yanahifadhiwa kama majengo. La kwetu likishazolewa chokaa, hubaki majivu na duara jeusi ardhini. Cha kuhifadhi ni mkono wa fundi, nao huzeeka. Tena tanuri hula kuni nyingi na matumbawe, wakati mikoko na miamba ya bahari nayo inahitaji kulindwa. Sioni haki ya kulifumbia macho hilo.

Ajenda ya ukarabati imerudi kwenye kamati. Palipoandikwa saruji nimeandika chokaa. Nafasi ya jina la fundi bado iko wazi.